Kabla hujanunua pistoni mpya, ikague kwanza ile iliyokufa

Ndugu mmoja wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ameniandikia, ntaliweka swali lake kwa ufupi ili na wengine mfuate. Ana pikipiki ya Boxer 150 ya boda, sasa yaenda mwaka wa nne, abeba abiria na siku nyingine magunia ya maembe kutoka Marafa mpaka kwenye lami. Miezi miwili hii imeanza kutoa moshi, oili yapungua mpaka kila siku ya tatu lazima aongeze, na akipakia watu wawili haivuti kama zamani. Fundi wake akaisikiliza dakika mbili tu, hakufungua hata bolti moja, akamwambia leta shilingi 5,500 nikubadilishie pistoni, ringi zake (vile vikuku vinavyoziba pumzi) na bloku (silinda inamopanda na kushuka pistoni). Sasa auliza, je hiyo pistoni kweli imekufa, na je yeye mwenyewe aweza kuifungua aone kwa macho yake, spana anazo, na akishaitoa aangalie nini.

Waalaikum salaam ndugu yangu. Ntajibu kirefu, tia chai kabisa.

Kwanza nikwambie, fundi wako huenda hata hajakosea. Boxer ya miaka minne, kazi ya boda, njia ya vumbi, moshi na oili kupungua, hata mimi ukiniamsha usiku wa manane ntakwambia ringi. Ila kosa lake ni kutaka kuweka kipya kabla hajajua kilichoua cha zamani. Pistoni kwa kawaida haifi yenyewe bure bure katika miaka minne, kuna kitu kimeiua, na kama hicho kitu bado kiko ndani ya pikipiki basi hiyo mpya nayo kitaimaliza, tena haraka zaidi maana ndo kinaijua njia. Nilipata kijana wa Mambrui hapa gereji, mwaka mmoja ameweka seti tatu za pistoni na ringi, kila mara wamwambia spea ni feki. Mimi nikaitoa ile ya tatu, nikaitazama sketi (ule ubavu wa pistoni chini ya ringi), yote ya kijivu imefifia kama mtu ameipiga msasa. Nikaiacha injini nikaenda kwenye ea klina, kuuvuta ule mpira unaounganisha ea klina na kabureta, umepasuka kwa chini pale ambapo huoni mpaka uukunje. Yaani mchanga wote wa njia ulikuwa waingia injini moja kwa moja, filta yenyewe safi kama harusi maana hewa haikuwa yapita kwake. Mpira mmoja umemlia seti tatu na hakuna aliyeutazama, kwa sababu hakuna aliyeitazama pistoni iliyotoka, ilikuwa yatolewa yatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba sijui bado na wala fundi wako hajui, na jibu la pili ni ndio, waweza kuifungua, si kazi ya uchawi, yataka tu mikono safi na usiwe na haraka ya abiria.

Sasa kabla hujashika spana fanya majaribio mawili matatu ya bure. Tazama moshi watoka lini. Kama yatoa moshi wa samawati asubuhi ukiwasha halafu wapungua, au ukishuka mteremko umeachia mafuta halafu ukivuta tena wafuka, shuku mipira ya valvu kwanza, ile midogo inayozuia oili isishuke kwenye shina la valvu. Kama moshi huo huo watoka wakati wote unapovuta na mzigo, hapo ringi. Ukiwa mweusi hiyo si oili, ni petroli nyingi, nenda kwa kabureta usifungue kitu. Jaribio la pili, zima swichi, sikia kiki ilivyo nzito au nyepesi, halafu toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu lake, piga kiki mara tatu nne plagi ikiwa nje ili oili isambae, usisimame mbele ya hilo tundu maana yarusha, kisha rudisha plagi usikie kiki tena. Kama ilikuwa nyepesi na sasa imekuwa nzito ghafla, basi ringi na silinda ndo zavujisha, ile oili imeziba kwa muda. Kama imebaki nyepesi vile vile, pumzi huenda yapotelea juu kwenye valvu, na ukikimbilia pistoni utakuwa umeinunua bure. Na la tatu, chomoa ule mpira wa kupumulia wa injini unaokwenda kwenye ea klina, washa, weka kidole gumba. Kupumua kidogo ni kawaida, lakini ikiwa yatema moshi kama jiko la kuni basi moto wapita kwenye ringi washuka tumboni mwa injini.

Ikiwa majaribio yote yaashiria ringi, haya tufungue.

Fanya asubuhi, injini imelala usiku kucha na imepoa kabisa, hedi (kile kichwa cha injini chenye valvu) ni aluminiamu, ukiilegeza ikiwa ya moto yaweza kupinda. Osha injini kwanza, brashi na mafuta ya taa halafu sabuni, hasa pale chini bloku inapokalia tumbo la injini (mimi naita tumbo, pale krankishafti inapozunguka), kwa sababu mchanga ulioganda pale ukinyanyua bloku waanguka ndani, na hapo utakuwa umekuja kutibu vumbi ukaliongeza. Na usifanyie nje kwenye upepo, wewe mtu wa pwani wajua kaskazi ikianza alasiri inavyorusha mchanga. Tandika gunia safi, makopo ya kutia bolti kila moja na lake, na simu ya kupigia picha kila hatua. Usitegemee kichwa, utakumbuka kumi na mbili utasahau ya kumi na tatu.

Funga petroli, toa kiti na tangi, toa ekzosi, kabureta legeza uiweke kando ikining'inia na kebo yake, toa plagi, toa vifuniko vya tapeti. Kwenye kava la magneto upande wa kushoto kuna vifuniko viwili vya duara, kile kikubwa ndo unazungushia krankishafti kwa soketi, kile kidogo ndo dirisha la alama. Zungusha kuelekea mbele, kule gurudumu linakoviringika, mpaka alama ya T isimame dirishani na roka zote mbili (vile vidole vinavyobonyeza valvu) ziwe zacheza kidogo ukizitikisa kwa kidole. Kama T imesimama lakini roka imebana, zungusha mzunguko mmoja mzima tena. Hapo pistoni iko juu na valvu zote zimefunga, hapo ndo pa kufungulia na hapo hapo ndo utarudi siku ya kufunga. Piga picha ya alama za gia ya kamu (ile ya juu inayovutwa na cheni). Toa tenshena (kikazio) ya cheni, ile nyuma ya silinda, kabla ya kugusa gia ya kamu, kisha cheni uifunge na waya juu isitumbukie.

Nati kubwa nne za hedi legeza kwa msalaba, robo robo, usimalize moja ndo uende nyingine. Na kuna bolti ndogo za pembeni upande wa cheni, hizo ndo watu husahau halafu wakaanza kuing'oa hedi kwa bisibisi na kuchana uso wa aluminiamu, baadaye oili ikivuja wasema gasketi mbaya. Ikigoma, tazama tena kama kuna bolti umeacha, kama hakuna gonga pembeni na nyundo ya mpira au kipande cha mbao. Bloku nayo vivyo hivyo, ivute juu taratibu, ikifika nusu SIMAMA, zungushia tambara safi mdomoni mwa tumbo la injini kabla pistoni haijatoka yote. Ringi ikiwa imevunjika, vipande vyasubiri hapo hapo kuanguka. Halafu vuta huku mkono mwingine umeishika pistoni isije ikagonga stadi (zile nguzo za nati za hedi).

Hilo tambara nalisisitiza kwa sababu lilinilaza na njaa. Nilikuwa bado najifunza kazi, siku ya mwisho ya Ramadhani, mwenye pikipiki ataka kwenda kwao kula Idd, mimi nikasema klipu ya pini (kijiwaya kinachozuia pini ya pistoni isitoke) naitoa dakika moja tambara la nini. Nikaitia bisibisi, ikaruka tii, nikasikia ikigonga chuma mara mbili ikanyamaza. Nikaivua na sumaku iliyofungwa kwenye kijiti cha fagio mpaka magharibi ikaadhiniwa, sikuipata, ikabidi injini yote ishuke na tumbo lipasuliwe, usiku wa Idd, mwenyewe amekaa kwenye ndoo ananitazama hasemi kitu. Sasa hata nikitoa klipu kwenye pistoni iliyo mezani natandika tambara.

Kabla ya kutoa pini andika kwenye pistoni kwa kalamu ya wino upande wa ekzosi na upande wa kabureta, maana ushahidi wote wategemea ni upande gani umeumia. Klipu toa kwa koleo ya ncha nyembamba, na hazirudi hizo, klipu ni mpya kila mara, bei yake haifiki hata kikombe cha chai. Pini isukume kwa kidole au kwa kijiti, ikigoma chovya kitambaa kwenye maji yanayochemka ukifunge pistoni dakika chache, aluminiamu hutanuka kuliko chuma na pini itateleza. Usipige nyundo. Mtu apigaye pini kwa nyundo anakunja konrodi (ule mkono unaoiunganisha pistoni na krankishafti) bila kujua, halafu pistoni mpya yaenda upande.

Sasa imetoka. Usiioshe! Watu mkono wao wa kwanza ni kuichovya kwenye petroli ing'ae, wamefuta ushahidi wote. Iweke juani uitazame.

Anzia juu. Masizi makavu meusi kama ya chini ya sufuria ya kuni, petroli ilikuwa nyingi. Masizi mazito yamenata na mafuta, yang'aa kama lami, oili ilikuwa yapanda. Kisha tazama ukingo wa duara, kama kuna mahali pametakata peupe ilhali katikati ni peusi, hapo ndo oili yapitia kwenye ringi, yapaosha kila siku. Ukiona rangi ya kijivu cheupe na vishimo vidogo vidogo kama mbao iliyoliwa na wadudu, hiyo ni joto kali, hewa imezidi petroli au kuna mahali panavuta hewa katikati ya kabureta na hedi. Ukikuta alama ya mwezi mwandamo juu yake, valvu ilimgonga, lakini hiyo ungeshaisikia.

Shuka kwenye ringi. Zipo tatu, mbili za juu za pumzi na ya chini ya oili ambayo yenyewe ni vipande vitatu, viringi viwili vyembamba na kijispringi katikati. Bonyeza kila moja kwa kidole, yapasa ijifiche ndani ya mfereji wake na irudi nje yenyewe. Isiyorudi imeganda na masizi, na ringi iliyoganda ni sawa na kutokuwa nayo. Hii mara nyingi ni ya mtu asiyebadilisha oili, yeye kazi yake kuongeza tu juu ya ile chafu (sisemi ni wewe, lakini jiulize). Zitoe kwa kuzifungua na vidole gumba kidogo tu zipite, na tazama vile vitundu nyuma ya ringi ya oili, oili inayokwanguliwa hurudi chini kupitia hapo, vikiziba haina pa kwenda ila kupanda. Nimeshaona pistoni nzima, silinda nzima, shida ni vitundu tu vimezibwa. Chini ya ringi kukiwa kumepaka rangi ya kahawia mpaka kwenye sketi, moto ulikuwa wapita.

Sketi ndo yenye maneno mengi zaidi. Mistari miembamba laini upande wa mbele na wa nyuma, yaani wa ekzosi na wa kabureta, hiyo ni ya umri, hapo ndo pistoni huegemea silinda ikipanda na kushuka. Pande mbili za tundu za pini huwa hazigusi sana, kwa hiyo ukikuta mkwaruzo mzito hapo, klipu ililegea au pini ilitembea. Ukikuta upande mmoja umechakaa juu na upande wa pili umechakaa chini, kama mtu aliyekaa mshazari, konrodi imepinda. Ukikuta aluminiamu imeburutwa imepakwa kama siagi kwenye mkate, mabaka mabaka yang'aa, mbele au nyuma, oili haikufika au injini ilichemka. Na ikiwa imeshikana kwenye pembe nne, karibu na tundu za pini kila upande, mara nyingi ni mtu anayewasha na kuikaza hapo hapo ikiwa baridi, au aliyechonga silinda aliibana mno. Na kama sketi yote imekuwa ya kijivu, haina mng'ao, imejaa mistari myembamba ya juu chini, na ringi ya kwanza imekuwa nyembamba na ukingo wake mkali waweza kukukata kidole, hiyo ni vumbi. Kwa njia yako ya Marafa ukinilazimisha kukisia bila kuona ntakisia hii. Thibitisha, tia kidole ndani ya mpira wa kabureta, kwa upande wa ndani baada ya filta, ukipangusa ukasikia chenga chenga basi umempata muuaji.

Ukiwa bado pale pale shika konrodi, ivute juu na uisukume chini, wima kabisa. Wima isicheze hata kidogo. Ikicheza ya pembeni kidogo, kulia kushoto, hiyo ina ruhusa yake. Ikicheza wima, beringi ya chini imekwisha, na usijidanganye kuweka pistoni mpya juu yake, pumzi ikiwa na nguvu tena ndo itaimaliza wiki mbili tatu ianze kunoki. Pini nayo pitisha kucha, ukihisi kingazi pale konrodi inapokaa, tupa.

Silinda je. Bloku ya hii pikipiki kipenyo chake kikiwa kipya ni milimita 56. Pitisha kucha kutoka chini kwenda juu, karibu na mwisho ambapo ringi ya kwanza hufika kuna ukingo, ukiwa mdogo usiokwamisha kucha ni sawa, ukikwamisha kucha imeliwa. Mkwaruzo wa wima unaokwamisha kucha, hiyo yachongwa.

Kama huna kipimo cha silinda, na wengi hatuna, tumia ringi na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Chukua ringi moja ya pumzi, ikiwa mpya ya saizi hiyo hiyo ni bora zaidi, itie silindani bila pistoni, isukume kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawa isiende mshazari, pima mwanya wa ncha zake. Pima karibu na juu pale inapochakaa, pima katikati, pima chini kabisa ambapo ringi hazifiki sana. Ringi mpya kwenye silinda nzuri mwanya wake huwa kama milimita 0.1 mpaka 0.3, ikifika nusu milimita hivi imetosha, yatupwa. Na sasa ujanja wenyewe, toa mwanya wa chini kwenye mwanya wa juu, gawa kwa 3.14. Mfano juu umepata 0.55 na chini 0.25, tofauti 0.30, gawa na 3.14 wapata karibu 0.1, yaani silinda yako kwa juu imepanuka sehemu moja ya kumi ya milimita kuliko chini. Ni hesabu ile ile ya duara mliyofundishwa shule mkasema itatusaidia nini. Sehemu moja ya kumi ndo mpaka wangu, hapo ringi mpya haitafuata, juu itaachia chini itabana, moshi utapungua mwezi mmoja urudi.

Hapo ndo utajua cha kununua. Silinda nzuri, pistoni nzuri, ringi zimeganda tu au mwanya umezidi, nunua ringi peke yake, usafishe mifereji kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, taratibu, masizi ndo yatoke usichonge aluminiamu. Silinda imeliwa lakini haina mkwaruzo wa kutisha, una njia mbili, kuichonga uende ovasaizi (pistoni kubwa kidogo kuliko ya kwanza), milimita 0.25 au 0.50, au seti nzima ya bloku na pistoni yake. Mimi huwa napenda kuchonga kama kuna mtu wa lethi mwenye mkono, kwa sababu chuma cha bloku ya kwanza nakiamini kuliko ya boksi nisilolijua, lakini lazima umpelekee pistoni yenyewe aipime achonge kulingana nayo. Usimpigie simu ukamwambia chonga 0.50. Pistoni mbili za boksi moja si lazima zilingane, na nafasi tunayozungumzia hapa ni sehemu chache za mia za milimita, na pistoni yenyewe si duara kamili wala haijanyooka, juu ni nyembamba kuliko chini, yapimwa kwenye sketi, karibu na chini, upande wa kukatiza pini. Fundi akipima kileleni kwa vernia, chukua bloku yako uondoke. Pesa ikiwa ndogo na lethi iko mbali, basi seti, siwezi kukulaumu, lakini ringi za seti pia zipime mwanya kabla ya kufunga, hata kama boksi lang'aa.

Na hedi ikiwa chini usiirudishe hivi hivi. Igeuze, mimina petroli kidogo kwenye matundu ya kuingilia hewa na ya ekzosi, subiri dakika chache, ikichuruzika kwenye valvu, zisagwe. Mipira ya valvu badilisha tu, ni vitu vidogo na ushafika hapo. Wengi waliobadilisha pistoni na moshi ukabaki, ni hapa walipita mbio.

Bloku ikilala usiku nje ipake oili ndani uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Huku kwetu hewa ya chumvi, na wewe wa Gongoni unayeishi kando ya mashamba ya chumvi ndo zaidi, asubuhi utakuta kutu ya rangi ya chungwa silindani kama imekaa mwaka.

Kufunga ni kurudi nyuma kwa picha zako, ntataja yale yanayoharibika tu. Silinda ikitoka kuchongwa au kupigwa msasa ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, petroli peke yake haiondoi unga wa chuma, yauhamisha tu, endelea mpaka kitambaa cheupe chenye oili kitoke cheupe, kisha kausha na upake oili hapo hapo. Ringi zenye herufi, herufi itazame juu. Mianya ya ringi isipangane mstari mmoja, igawe pembe tatu kama mafiga. Mshale wa pistoni waelekea ekzosi, na ikiwa imeandikwa IN basi hiyo ni upande wa kabureta. Mdomo wa klipu usiuelekeze kwenye ule mkato wa kutolea. Gasketi zote mpya. Nati kwa msalaba, kwa awamu, kwa toki renchi ya kuazima, halafu zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima kabla ya kugusa kiki, ikikwama popote usilazimishe, taimingi imekosea. Oili 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, ya gari yaweza kufanya klachi iteleze. Wiki ya kwanza usibebe maembe, panda shuka na mwendo, usiikaze na usiiburute mwendo mmoja tu kutwa, na oili ya kwanza imwage mapema, kwenye kilomita mia tano hivi, utaona inavyometa.

Sasa wewe fanya hivi. Kesho kabla ya kazi vuta ule mpira wa kabureta uukunje uutazame kwa chini, hiyo haihitaji kufungua injini. Halafu siku utakayofungua, nitumie picha nne za pistoni kabla hujaiosha, juu, upande wa ekzosi, upande wa kabureta na upande wa pini, juani sio ndani ya kibanda, na uniandikie mianya mitatu ya ringi uliyopima. Nikishaona hizo ntakwambia kama hiyo 5,500 ni ya kutoa au ni ya kununulia ringi na mpira na chenji ibaki.